Taa Zilizowaka Zenyewe Nkololo

Nilipowaacha wiki iliyopita nilikuwa nimekaa chini kwenye vumbi, nyumbani kwa Mzee Mboje, kijijini Nkololo. Flashi zangu mbili zilikuwa zimesimama mbele yangu kwenye stendi zake. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walikuwa wametuzunguka, mimi na flashi zangu, na hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Wengi mmenitumia ujumbe. Mmoja kaandika, "Dada Kabula, si ungekimbia tu?" Nikimbie niende wapi? Nimekimbia mara moja katika maisha yangu, siku ile ya Mwamanyili, na mpaka leo najuta.

Kwa mliokosa gazeti, nasema kwa kifupi. Mimi ni mpiga picha. Kamera yangu ni hizi za kisasa tunazoziita mirolesi, niliipata mkono wa pili Mwanza. Flashi zangu si za kampuni iliyotengeneza kamera, ni za Kichina, za kampuni nyingine kabisa. Zinawashwa na triga, kidude kidogo kinachokaa juu ya kamera. Nikipiga picha, au nikibonyeza kitufe chake cha kujaribia, triga inatuma mawimbi hewani na flashi zinawaka kule nilikozisimamisha, bila waya.

Kule Mwamanyili, padre aliomba kamera isipige kelele kanisani. Nikaiweka kwenye kimya. Nikasahau kwamba kamera yangu ikiwa kwenye kimya, flashi haziwaki hata uombe. Sikukagua picha hata moja kwa sababu nilikuwa nabana betri. Ndoa nzima ikatoka nyeusi tii.

Deogratias alikuwepo. Ana studio kubwa Bariadi mjini. Akacheka mbele ya maharusi, akasema, "Vitu vya Kichina hivyo, dada. Tumia vya kampuni yenyewe, kama mimi." Nikabeba mabegi nikakimbia. Nikaenda kwa mama yangu hapa Nkololo, nikajifungia siku mbili nikilia. Niliporudi mjini nikakuta triga yangu ya akiba haimo kwenye begi. Nikajua Deo kaiba.

Halafu ikaja siku ya mahari ya Anna, binti wa Mzee Mboje. Mimi niliitwa na upande wa binti. Deo alikuja na upande wa bwana harusi, waliotoka Mkula na ng'ombe. Jua lilikuwa nyuma ya wazee na kofia zilikuwa zimewatia giza usoni, kwa hiyo nikasimamisha flashi zangu kando ya lango la zizi.

Ng'ombe walipoanza kuingia, mimi nilikuwa pembeni nakunywa maji. Kamera ilikuwa mezani. Flashi zikawaka zenyewe. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dume kubwa likaruka, likavunja ua, likamkumba Mzee Mboje akavunjika mkono.

Na masika haya haya, radi iliua maksai wake wawili palepale kwenye zizi lile. Ndiyo maana dada yake, shangazi Nyanjige, alipiga kelele kwamba ile ni radi ya kutumwa.

Haya, sasa tuendelee.

Kamanda wa sungusungu anaitwa Limbu. Mtu mrefu, mpole, filimbi shingoni. Upole wake ndio ulionitisha.

"Binti, jina lako nani?"

"Unanijua, baba. Nimesoma darasa moja na mwanao."

"Nakuuliza mbele ya mkutano."

"Kabula."

Shangazi Nyanjige akadakia. "Mmesikia? Kabula! Kazaliwa mvua inanyesha huyo!"

"Nusu ya wasichana wa Nkololo wanaitwa Kabula," nikamjibu. "Sote tunatuma radi?"

Vijana wakacheka. Limbu akawatazama wakanyamaza.

"Kabula, kuna mtu kavunjika mkono. Hatuko hapa kwa utani. Tueleze radi ile imetoka wapi."

"Si radi, baba. Ni taa. Inatumia betri kama tochi yako."

"Tochi yangu naiwasha mimi. Zile aliziwasha nani?"

Hapo ndipo shangazi aliposimama. Alikuja mpaka katikati, akafunga khanga yake kiunoni, na hakunitazama mimi hata kidogo.

"Tunapoteza muda na mtoto," akasema. "Vitu vile ni vya mtoto, lakini radi ina mwenyewe. Muulizeni mama yake. Mtazameni macho."

Watu wote wakageuka.

Mama yangu, Felisita, alikuwa amekaa mwisho wa mkeka wa wanawake, miguu ameinyoosha, mkono ameushika kwenye fundo la khanga yake. Humo huweka ugoro na rozari, tangu nimepata akili. Macho yake ni mekundu kweli. Simfichii.

Damu ikanipanda. Nikasimama bila kuruhusiwa.

"Macho ya mama yangu ni mekundu kwa sababu kapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe miaka arobaini! Na wewe shangazi, usingekuwa na wakwe watatu wa kukupikia, yako yangekuwa hivyo hivyo!"

"Kaa chini," akasema Limbu.

"Sikai!"

"Kabula, kaa."

"Baba Limbu, nimesema sikai. Mkitaka kunihukumu mimi, nihukumuni nikiwa nimesimama. Lakini mama yangu mwacheni."

Mnajua nilichokuwa nakiogopa, na kama hamjui nawaambia. Sungusungu wa kwetu hawahitaji kukupiga. Wanakutenga. Hakuna anayekusalimu. Hakuna anayekupa moto wala chumvi. Ukienda kisimani, wenzako wanaondoka. Ukifiwa, unachimba kaburi mwenyewe. Mimi ningevumilia, ninapanga chumba Bariadi mjini. Mama angeishije? Mama mwenye miaka sitini na nane, peke yake, na macho mekundu? Sote tunajua macho mekundu yamewafikisha wapi bibi wengine wa mkoa huu: waliitwa wachawi, wakauawa.

Kwa hiyo nikasema liwalo na liwe.

"Nawaomba dakika tano," nikasema. "Nitawaonyesha jinsi zinavyowaka. Mkishaona, amueni."

Limbu akashauriana na wazee. Mzee Mboje alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono umefungwa kwa kitambaa, uso umemkunjamana kwa maumivu. Akasema kwa taabu, "Mwacheni aonyeshe. Mkono ni wangu, na mimi nataka kujua."

Nikachukua kamera. Nikamwita Limbu mwenyewe asogee.

"Hii hapa juu ni triga. Hii ndiyo inayosema. Zile flashi zinasikiliza tu. Tazama." Nikapiga picha moja ya ukuta. Flashi zikawaka. Wanawake wakapiga yowe. Nikapiga tena, zikawaka tena. "Umeona? Nikibonyeza zinawaka. Nisipobonyeza haziwaki."

"Lakini hukubonyeza," akasema Limbu.

"Ndiyo. Kwa hiyo kuna mwingine aliyebonyeza."

"Nani?"

"Subiri." Nikafungua kifuniko cha triga, nikatoa betri zote mbili, nikamwekea Limbu kiganjani. Nikaitoa triga juu ya kamera nikaiweka kwenye kigoda. Kamera nikamkabidhi mmoja wa walinzi wake. Nikanyoosha mikono juu ili kila mtu anione. "Sasa sina kitu. Shangazi Nyanjige, njoo unipapase kama huniamini."

Shangazi akapiga hatua moja. Akasema kwa sauti ya juu, "Sikushiki mimi! Aliyekuzaa ndiye anajua ulichobeba!"

Na flashi zikawaka.

Zote mbili, kwa pamoja, mbele ya watu wasiopungua mia. Betri ziko mkononi mwa Limbu. Mikono yangu iko juu.

Jamani! Watu walikimbia. Wanaume wazima, wenye pinde, walikimbia. Kuna mzee aliyeacha kiatu. Ng'ombe wakaanza kulia zizini. Limbu peke yake hakukimbia, alizifumbata betri kiganjani.

"Umeona!" shangazi alipiga kelele kutoka nyuma ya ghala. "Umeona kwa macho yako!"

"Nimeona!" na mimi nikapiga kelele. "Na nyie mmeona! Si mimi! Kuna triga ya pili hapa hapa uwanjani, na ninajua nani anayo!"

Nikanyoosha kidole.

Deogratias alikuwa kwenye kivuli cha turubai, upande wa wageni wa Mkula, kamera yake kubwa kifuani, miwani ya jua usoni. Muda wote huo alikuwa ananipiga picha. Mimi nimekaa chini, yeye anapiga. Mimi natuhumiwa, yeye anapiga.

"Mimi?" akacheka. "Dada, usinihusishe na masufuria yako ya Kichina. Mimi natumia vya kampuni yenyewe. Bariadi nzima inajua."

"Uliniibia triga Mwamanyili. Iko chaneli ya tatu, na flashi zangu ziko chaneli ya tatu. Ukiibonyeza hata ikiwa mfukoni mwako, zinawaka."

"Nikuibie takataka ile niifanyie nini?"

"Uniharibie kazi! Kama ulivyonicheka kanisani!"

Limbu akamwendea polepole. "Bwana mpiga picha, fungua begi."

"Mimi ni mgeni hapa. Nimekuja na wakwe."

"Fungua begi."

Kile kicheko chake kikakatika. Nilikiona kikikatika. Akafungua zipu. Walinzi wakatoa lenzi, wakatoa chaja, wakatoa shati la kubadilisha. Chini kabisa wakatoa soksi moja nyeusi imevimba. Ndani ya soksi kulikuwa na triga.

Ya Kichina. Aina ile ile ya kwangu. Bwana vya kampuni yenyewe!

Watu waliokimbia walikuwa wameanza kurudi, na wale wa Bariadi mjini walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote. Miaka miwili mtu ananisema kila harusi, kila kipaimara, kila mahafali, kumbe na yeye anaificha kwenye soksi!

"Ni ya dharura," akasema Deo. "Wapiga picha wote tunabeba ya dharura."

"Ndiyo hii, Kabula?" akauliza Limbu. Akanipa.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa nakiri kitu ambacho sijamwambia mtu.

Niliigeuza. Triga yangu ya akiba ina kipande cha utepe wa kijani mgongoni, nilikibandika mwenyewe. Hii haikuwa na utepe wala alama kwamba uliwahi kubandikwa. Nikaiwasha. Kwenye kioo chake ikatokea namba kumi na mbili. Chaneli ya kumi na mbili haiwezi kuwasha flashi zangu hata ingebonyezwa mwaka mzima.

Haikuwa yangu. Na haikuwa imewasha kitu.

Nilijua. Sekunde ile ile nilijua. Nikamtazama Deo na miwani yake, nikakumbuka kicheko cha Mwamanyili, nikakumbuka siku mbili nilizolia kwa mama mpaka mto ukalowa.

"Ndiyo hii," nikasema.

"Muongo!" Deo akaruka. "Muongo huyo! Hiyo yangu!"

Walinzi wawili wakamkamata mashati. Miwani ikaanguka. Nami nikatoa betri za triga ile, nikamwekea Limbu mkononi pamoja na zile za kwangu, kama mtu aliyemaliza kesi. "Imekwisha, baba. Mama yangu hana kosa. Mimi sina kosa. Mwenye radi ni huyo."

Nilijisikia raha, wasomaji wangu. Siwadanganyi.

Shangazi Nyanjige hakukubali. Alirudi mpaka kwenye mkeka wa wanawake, akainama mbele ya mama yangu, akamwambia usoni, "Mtoto wako kasema uongo. Naapa kwa kaburi la baba yangu, hii radi ni yako!"

Flashi zikawaka.

Hakuna aliyekimbia safari hii. Limbu alitazama kiganja chake, betri nne, mbili zangu na mbili za Deo. Kisha akanitazama mimi.

"Kabula," akasema, "ulisema imekwisha."

Deo alijinasua mikononi mwa walinzi. "Mwambieni awaambie ukweli! Mwambieni ile triga ni ya nani!"

Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Angesema nilikosea, nilikuwa na hasira, nisameheni. Mimi nikikosea ndiyo kwanza kichwa kinakuwa kigumu. Mama husema nimemrithi baba. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na ile aibu ikageuka ukali.

"Sawa!" nikapiga kelele. "Si Deo! Triga ile ni yake, nilisema uongo, nichapeni kwa hilo mkitaka! Lakini kuna mtu hapa ana triga yangu, ina utepe wa kijani, na anaibonyeza sasa hivi akitucheka! Pekueni watu wote. Wanaume, wanawake, wazee, wageni, msibakize mtu!"

"Kupekua wageni wa mahari ni aibu," akasema Mzee Mboje.

"Na kuitwa mchawi si aibu, baba? Nasema pekueni. Na atakayekutwa nayo, atengwe. Ile adhabu mliyotaka kumpa mama yangu, apewe yeye."

Limbu akatikisa kichwa taratibu. "Unasema hivyo mbele za watu."

"Nasema mbele za watu."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa nani! Atengwe yeye na nyumba yake nzima!"

Limbu akapuliza filimbi mara moja. Kwetu, hiyo maana yake neno limepitishwa.

Wanaume wakapanga mstari. Walinzi wakawapekua mifuko, kofia, soksi, makoti. Zilitoka simu, visu, karanga, chupa ndogo ambayo mzee mmoja wa kanisa alitaka ionekane ni ya dawa ya kifua. Mzee Mboje mwenyewe akapekuliwa akiwa kwenye kiti chake, akageuza mfuko kwa mkono mmoja. Hakuna triga.

Kwa wanawake, shangazi Nyanjige akapewa kazi. Aliianza kwa bidii, akitokea mwisho wa mbali wa mkeka. Mikoba, sidiria, vilemba. Bibi harusi, Anna, akapekuliwa analia. Mimi nilisimama katikati mikono kiunoni. Nilikuwa nasubiri kumwona mwizi wangu, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia.

Kwenye zizi, mtu akagonga ndoo. Sauti kubwa, ghafla. Nilishtuka. Wote tulishtuka.

Mama alishtuka pia, na nilikuwa namtazama yeye. Nilimwona akilishika fundo la khanga yake, akalibana kwa nguvu kifuani, kama afanyavyo radi ikipiga, kama afanyavyo kanisani, kama alivyofanya maisha yake yote anapoogopa.

Flashi zikawaka.

Wengine wote walizitazama flashi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nautazama mkono wa mama.

Fundo lilikuwa kubwa kuliko siku zote. Kubwa mno kwa ugoro na rozari. Shangazi alipopiga kelele mara ya kwanza mama alilibana. Alipomwinamia usoni mama alilibana. Ng'ombe walipokuwa wanaingia zizini, na lile dume linavuta kamba, mama anaogopa madume, lazima alilibana mara tatu. Na zile siku mbili nilizojifungia kwake nikilia, begi langu lilikuwa sebuleni.

Nikaenda kwake. Sikukimbia, nisije nikawashtua. Nikachuchumaa mbele yake kama ninayemfariji.

"Mayu," nikamnong'oneza, nikimwita mama kwa Kisukuma chetu. "Kwenye fundo kuna nini?"

Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Ni kile kidude changu? Chenye utepe wa kijani?"

Akaitikia kwa kichwa.

Nikashusha pumzi. Nikaona njia. Kumbe ni rahisi! Nitafungua fundo mbele ya watu wote, nitawaonyesha kidude, nitakibonyeza mara kumi, wataona kwamba mama wa watu alikiokota kwenye begi bila kujua ni nini. Watacheka. Hata shangazi atacheka. Nikanyoosha mkono.

Mama akaushika mkono wangu.

"Yaya, ng'wanone, hapana mwanangu. Usifungue. Hakimo peke yake."

"Kuna nini kingine?"

"Ulilia sana," akasema. "Siku mbili hukula. Ulisema taa zako zimekataa kuwaka kanisani. Nikakipeleka kwa mganga, kule Mkula. Akakifungia dawa. Akaniambia nikae nacho siku saba, ndipo nikurudishie, taa zitakutii." Akajifuta machozi. "Leo ni ya saba. Nilikuwa nikupe leo, mkimaliza kula."

Nilibaki nimechuchumaa. Mama yangu, mwanachama wa Moyo Mtakatifu kanisani, anayenikemea nikikosa misa, alikuwa amesafiri mpaka Mkula kwa ajili ya flashi za Kichina. Wala hakunificha kwa ubaya. Alinipenda tu, na alitumia njia aliyoijua.

Na niliijua hesabu ya watu wale. Kidude peke yake ningekieleza. Kidude kimefungwa dawa, kwenye khanga ya bibi mwenye macho mekundu, siku ambayo zizi limevunjika? Ningeeleza mpaka ulimi ukauke, wasingesikia.

Kivuli kikaanguka juu yetu. Shangazi Nyanjige alikuwa amemaliza mkeka mzima.

"Bado huyu tu," akasema.

Limbu akasogea. Watu wote wakasogea. Deo naye akasogea, ameshavaa miwani yake, kamera mkononi.

"Mama Felisita," akasema Limbu kwa upole wake ule, "fungua fundo."

Nikasimama. Nikajiweka kati ya mama na wao.

"Haguswi na mtu," nikasema. "Nafungua mimi."

Mama alinivuta gauni. Nikautoa mkono wake, nikalifungua fundo. Rozari. Kikopo cha ugoro. Na triga yangu, utepe wa kijani mgongoni, imezungushiwa uzi mweusi, na chini ya uzi kipande cha mzizi na unga wa majivu kwenye kitambaa.

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Shangazi alirudi nyuma hatua mbili.

Nikainua juu ili hata wa mwisho aone. Nikabonyeza kitufe. Flashi zikawaka. Nikabonyeza tena. Zikawaka tena.

"Ni yangu!" nikasema. "Triga ni yangu, na dawa nimeitafuta mimi, kwa miguu yangu. Picha zangu za Mwamanyili zilitoka nyeusi, nikaenda kwa mganga. Mama nilimpa anishikie tu, hajui kilichomo. Mkitaka kumtenga mtu, nitengeni mimi. Wala siombi msamaha."

"Ng'wanone, yaya," mama alikuwa analia nyuma yangu. "Si yeye. Si yeye."

"Nyamaza, mama."

Deo akapiga picha. Nilisikia kamera yake, na kwa mara ya kwanza siku ile sikujali.

Limbu alinisogelea. Akachukua triga mkononi mwangu kwa ncha za vidole. Nadhani alijua nasema uongo. Nadhani alitamani nisingekuwa nimesema mengine yote kabla ya huo uongo.

"Limepokelewa," akasema. "Lakini kuna neno lako nililipulizia filimbi, Kabula, na watu mia wamelisikia. Ulisema atengwe yeye na nyumba yake nzima."

Nikamshika mama mkono.

"Mjini umepanga chumba. Chumba cha kupanga si nyumba. Hujaolewa. Sasa nakuuliza mbele ya mkutano, na unijibu wewe mwenyewe." Akamtazama mama, kisha akanigeukia. "Nyumba yako ni ipi?"